Bei ya Kwanza ya Gati la Mitendeni

Bi Shifaa wa Mitendeni hakuwahi maishani mwake kutaja bei aliyotaka kulipwa. Aliitaja iliyo juu yake, mara mbili akiwa na moyo mwema, mara tatu akiwa na haraka, kisha akaketi kungoja. Mnunuzi naye alijua kazi yake. Angeshika kichwa, angeapa kuwa Bi Shifaa ataka kumuua na watoto wake, angeondoka mpaka mlangoni, angerudi. Wakifika katikati kila mmoja alitoka ameridhika, akiamini amemshinda mwenzake.

"Bei ya kwanza ni salamu," ndivyo alivyowaambia waliomwona mkatili. "Ukisalimiwa, hutoi kibeti."

Maneno hayo hayakuwa yake. Aliyapata kwa dada yake, Hadia, siku aliyorudi kutoka mji wa Amu analia. Shifaa alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameachwa na mume, amerudi kisiwani Pate na sanduku moja na kikapu kimoja cha tumbaku ya kutafuna aliyokopeshwa na mjomba. Akavuka nayo kwenda kuwauzia wazee wa mjini. Mzee wa kwanza alimuuliza bei, naye kwa ujinga wake akataja ile anayoitaka. Mzee akaikata nusu, kama inavyokatwa kila bei, na Shifaa akaipokea. Alirudi na kikapu kitupu na nauli imekula faida yote. Hadia, aliyemzidi miaka kumi na mmoja na aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimsikiliza huku akichekecha unga na kutabasamu, hakumfuta machozi.

"Umemsalimu, akaitikia," alimwambia. "Kosa lako ni kudhani umeshauza. Kesho nenda tena."

Alikwenda tena, miaka thelathini. Kikapu kikawa mabunda, mabunda yakawa ghala la mawe ya matumbawe karibu na gati, hatua arubaini kutoka ukingo wa maji, kwa sababu tumbaku ikilowa si tumbaku tena na mwenye ghala la karibu ndiye apakiaye kwanza. Hakurithi hata jiwe la ghala lile. Wanaume wa Mitendeni walimwita "Bwana Shifaa" akiwa hayupo, na akiwapo walimwita Bi Shifaa na kumpisha kwenye benchi.

Gati lenyewe wakati huo lilikuwa la zamani, la chini, limejengwa kwa mawe na boriti, na upande mmoja lilikuwa na vidato vipana vilivyoliwa na nyayo. Maji yakijaa ulipanda chomboni kidato cha juu, yakipwa ulipanda kidato cha chini. Mwanamke mwenye mimba alishuka, mzee mwenye mkongojo alishuka, mbuzi alishuka. Hakuna aliyelisifu. Kitu kinachofanya kazi hakisifiwi.

Kisha likaja lile bamvua la mwaka wa mvua kubwa. Bamvua ni yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kila mtu wa kisiwani ayajua. Lakini lile lilikuja na upepo mgongoni. Bahari ilipanda juu ya gati, ikavuka uwanja, ikaingia ghalani kwa Bi Shifaa bila kubisha hodi. Ilifika kifundo cha mguu. Safu ya chini ya mabunda ikaharibika, na gati likapoteza pembe yake ya nje. Mwezi mzima vyombo vilifunga kwa taabu.

Baada ya miezi michache ikasikika kuwa serikali ina mradi wa kuimarisha bandari ndogo za visiwani zisishindwe na bahari inayopanda. Magati hayo mapya yangeitwa magati himilivu.

"Himilivu ni sisi," alisema nahodha Mukhtar, mwenye mashua ya abiria ya pale. "Gati limehimili nini?"

Watu walicheka, lakini walikutana. Walikutana ghalani kwa Bi Shifaa, juu ya mabunda, kupanga la kusema. Walikuwa na historia yao na serikali. Waliwahi kuomba madarasa mawili, wakapata mlango wa moja. Waliwahi kuomba kisima, wakaletewa kibao kilichoandikwa kuwa hapa pana kisima, na kibao kile hadi leo hufungiwa punda. Basi wakakubaliana, bila ubishi, kuwa safari hii wasiseme kadiri. Wakitaka gati lipande hatua moja, waombe tatu, wakatwe mbili. Na msemaji awe nani kama si Bi Shifaa?

Ofisi ya mradi ilileta watu wawili. Mmoja alikuwa injinia Kamau, kijana mrefu wa bara, mpole, mwenye futi ya chuma kiunoni na viatu vilivyojaa mchanga. Wa pili alikuwa Bi Asmaa, mwana wa Amu, mwenye mafaili. Baraza likafanyika, dua ikasomwa, chai ikanywewa. Kamau akauliza swali moja tu la maana.

"Mama, maji yalifika wapi?"

Bi Shifaa aliwaingiza ghalani. Kwenye ukuta wa ndani, kimo cha kifua cha mtu mzima, ulipita mstari mweupe wa chumvi, umenyooka kama uliopigwa kwa uzi. Akaunyooshea kidole chenye pete.

"Hapo."

Sasa, mtu aliyezaliwa kwenye nyumba ya mawe ajua mstari ule ni nini. Jiwe la matumbawe hunywa. Ukililowesha mguu, unyevu hupanda wenyewe kama mafuta yapandavyo kwenye utambi, hupanda siku na wiki baada ya maji kuondoka, na pale unapokomea huacha chumvi. Mstari ule haukusema maji yalifika wapi. Ulisema ukuta una kiu. Mukhtar alijua. Wote waliosimama mlangoni walijua.

"Shifaa," Mukhtar alimnong'oneza, "mai hayakufika hapo, wallahi. Yangefika hapo, leo tungekuwa twazungumza na samaki."

"Nyamaza. Nimemuwekea pa kushushia."

Na akangoja ashushe. Alingoja Kamau akunje uso, aulize mbona mlango haukuoza, mbona dari halina alama, mbona nyumba ya jirani ina mstari ulio chini zaidi. Alikuwa na jibu la kila moja, na katika jibu la tatu alikuwa tayari kulegeza mpaka gotini, na kutoka gotini mpaka pale penye haki. Kamau alipima mara mbili. Akapiga picha: ukuta, futi, na kile kidole chenye pete.

"Sawa, mama. Tumeichukua."

Bi Shifaa alihisi baridi ya mnada uliokwisha kabla haujaanza. Akamsaidia. "Lakini nanyi wenyewe bila shaka mna vipimo vyenu?"

"Huu mradi ni wa kushirikisha wananchi," alisema Kamau, na uso wake ulionyesha kuwa alidhani anampa zawadi. "Neno lenu ndilo data yetu."

Wazee tisa wakatia sahihi, na Bi Shifaa akawa wa kumi. Nyumbani alimkuta Hadia anapepeta mchele.

"Amepunguza?"

"Hakupunguza."

Hadia aliutikisa ungo, akaziondoa chuya mbili. "Basi hakuja kununua."

Ujenzi ulichukua mwaka na nusu. Kwanza walilivunja gati la zamani, vidato na vyote, wakakitumia kifusi chake kujaza kitako cha jipya. Nguzo zikapanda. Zikapita kimo cha mtu, zikaendelea. Mukhtar alizitazama akiwa chini, ndani ya mashua yake, shingo imepinda.

"Injinia! Huko yuu wakusudia tupande na ndege?"

"Ni kwa ajili ya yale maji, mzee. Si mlisema wenyewe?"

Mukhtar akarudi kwenye kamba zake. Atasema nini, na sahihi yake ni ya sita?

Katika mchoro wa kwanza gati lilikuwa na ngazi pana ya zege kila upande. Ngazi hazikuja. Bi Shifaa alipouliza, Kamau alimweleza kwa heshima, kama anavyoelezwa mtu aliyeomba kitu akapewa: fungu la mradi lilikuwa ni lile lile, na kimo kilipoongezeka, saruji ya ngazi iliingia kwenye nguzo. Ngazi zingekuja awamu ya pili.

"Awamu ya pili ni lini?"

"Iko kwenye mpango."

Siku ya ufunguzi walichagua bamvua, saa kumi alasiri, maji yamejaa pomoni. Mgeni rasmi alisimama kwenye boti lake, akainua mguu mmoja tu, akawa juu ya gati bila kukunja goti. Picha ilipendeza. Alisema Mitendeni sasa haitishwi na bahari, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Wiki iliyofuata maji yalikuwa mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, na gati likabaki limening'inia juu ya mashua ya Mukhtar mara moja na nusu ya kimo cha mwanamume. Abiria walitazama juu kama watu waliotumbukia kisimani.

Wanaume walijifunza kukwea nguzo kwa matairi yaliyofungwa pembeni. Mizigo ilivutwa kwa kamba. Wanawake walisubiri saa za maji kujaa, au walikwenda kupandia Mtangawanda, ambako kwa pikipiki ni saa mbili za mchanga na mawe. Chini ya gati hapakukanyagika: tope, na ndani ya tope boriti zilizovunjika za gati la zamani zimesimama kama miiba ya samaki. Watu walinung'unika, lakini walinung'unika chini chini. Mwenye kunung'unika kwa sauti alitazamwa na wale wengine kwa jicho linalosema: na wewe ulikuwapo ghalani.

Bi Shifaa alifanya alichojua kufanya. Alifunga kapi juu ya gati, akawa anashusha mabunda yake kwa kamba, na wenye mizigo yao wakamlipa watumie kapi lake. Hasara ya wengine aliigeuza kazi. Hakuona aibu. Biashara ni hiyo.

Kisha figo za Hadia zikakataa.

Daktari wa Amu alisema damu isafishwe kwa mashine mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, asubuhi, bila kukosa. Wakampasua mkono wa kushoto, wakaunganisha mishipa kwa ajili ya mashine, na wakamwonya asiubebeshe mkono ule kitu, asiushikilie popote. Mwanawe Swafwan, aliyekuwa na chumba cha ghorofani mjini Amu, alisema mama ahamie kwake. Hadia alikataa kwa neno moja. Nyumba yake ya Mitendeni ndimo alimozaa, alimofia mume, na ndimo ulimo mkeka wake wa kuswalia ulioacha umbo la magoti sakafuni. Angekwenda na kurudi.

Walijaribu Mtangawanda mara moja. Alifika kwenye boti amezimia.

Basi kukabaki gati lao wenyewe, na mahamali wanne, wapagazi wa pale, na kapi la tumbaku. Bi Shifaa alitafuta kiti cha plastiki chenye mikono, akakifunga kamba pande nne, akakijaribu mwenyewe kwanza kwa kushuka na kupanda. Kikashika. Dada yake aliketishwa, akafungwa leso kiunoni, akafumba macho, na mahamali wakaachia kamba kidogo kidogo huku wakiitana kama wanavyoitana wakishusha simiti. Hadia alikwenda chini akisoma Ayatul-Kursi. Mukhtar alimpokea kwa kushika miguu ya kiti, si yake, uso ameugeuza.

Hivyo ndivyo alivyokwenda na kurudi mwezi mzima na zaidi. Halafu Jumatatu moja upepo uliingia chini ya buibui. Kiti kilizunguka, kikagonga nguzo, buibui ikapanda mpaka gotini, na Hadia, mkono mmoja tu wenye kufaa, akashindwa kuamua aushike uhai au ashike nguo. Akashika nguo. Abiria mmoja kwenye boti jingine alikuwa na simu mkononi. Jioni ile kisiwa kizima kilikuwa kimeona. Wengine walicheka, wengine walisema astaghfirullahi kisha wakamtumia jirani.

Alhamisi Hadia hakwenda. Ijumaa uso ulikuwa umemvimba, macho yamebaki mistari. Bi Shifaa aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Dada, utakufa."

"Nitakufa nimejisitiri."

"Wenye simu nitawavunjia. Nimeshasema gatini, atakayetoa simu namtosa baharini yeye na simu yake."

"Si simu." Hadia alipumua kwa shida. "Mimi nimekulea, Shifaa, nawe wanishusha kama mbuzi wa Idi. Kwani vidato vyetu vilikwenda wapi?"

Bi Shifaa alimtengenezea mto. Akafanya alichokuwa akikifanya miaka thelathini. "Nipe safari kumi za kiti. Kabla hazijesha nitakuletea ngazi."

"Mbili."

"Dada, serikali haiendi mbio hivyo. Nane."

"Nne, na uso umefunikwa. Ya tano sishuki, liwalo na liwe."

Nne. Ni wiki mbili. Waliafikiana, na Jumatatu Hadia alishushwa akiwa amefungwa leso gubigubi kama maiti, mahamali hawaitani.

Siku ile ile, Hadia akiwa kwenye mashine, Bi Shifaa alipanda ofisi ya mradi. Kamau alikuwa ameshahamishwa bara. Bi Asmaa alikuwapo, nyuma ya meza, feni inapepea karatasi zilizobanwa kwa kopo la maziwa.

"Karibu, Bi Shifaa. Wa Mitendeni hawajambo?"

"Hawajambo, wananing'inia. Bi Asmaa, nimekuja kushusha bei."

"Bei ya nini?"

"Ya mai. Ule mstari wa ghalani si mai. Ni chumvi iliyopanda ukutani. Mai yalifika hapa." Akainua buibui kidogo, akaonyesha kifundo cha mguu. "Gati mmelipandisha bure. Nataka mshushe upande mmoja, mtie ngazi, kama mlivyochora kwanza."

Bi Asmaa aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Hili umelisema kwa nani?"

"Kwako."

"Basi liishe kwangu." Alivuta faili, akalifungua penye picha. Ukuta, futi, kidole chenye pete. "Hiki si kipimo cha Mitendeni tena, mamangu. Kimeingia kwenye hesabu ya visiwa vya kaskazini vyote. Kuna magati mengine mawili yanajengwa kwa kimo hiki. Moja lishatiwa nguzo."

Bi Shifaa aliitazama pete yake ndani ya picha. Amewahi kuuza tumbaku ya mwaka jana kama ya mwaka huu, na alilala vizuri. Lakini kuna wanawake kwenye visiwa vile hata hawajui jina lake.

"Hamkupima wenyewe?"

"Tulipima."

"Mlipima ukuta wangu! Bahari iko pale nje, haina mlinzi, haiombi ruhusa. Mngetia kijiti mkakitazama mwezi mmoja." Sauti ilimpanda, akaishusha. "Sikiza, Bi Asmaa. Mimi ni mchuuzi. Kazi yangu ni kuzidisha. Sokoni kila mtu ana kazi yake: muuzaji azidisha, mnunuzi apunguza, haki ikapatikana katikati. Nyinyi ndio mliokuja kununua. Mbona hamkupunguza?"

"Tungepunguza mngesema serikali imewapuuza wananchi."

"Tungesema. Kisha tungekubali."

Feni ilizunguka. Bi Asmaa alifungua kopo, akalikuta tupu, akalirudisha juu ya karatasi. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na macho ya mtu anayelipwa kulinda kitu asichokichagua.

"Ukiandika kuwa mstari ni uongo," alisema polepole, "gati litafungwa kwa uchunguzi. Na uchunguzi wa nti hii waujua. Watakaoitwa kwanza ni nyinyi kumi. Gati litakaa limefungwa, hata hicho kiti chenu hakitashuka."

"Na mstari ukiwa wa kweli?"

"Ukiwa wa kweli, gati ni zima, limekosa kitu kidogo tu. Kitu kidogo kina fungu lake la ukarabati. Hicho nakiweza."

Hapo Bi Shifaa akavuta kiti mbele. "Ngazi ya zege. Pana."

"Ya chuma."

"Ya zege, na pahali pa kupumzikia katikati. Yuko mgonjwa."

"Ya chuma, Bi Shifaa. Siku kumi na mbili iko ukutani."

Bi Shifaa alifanya vile wanunuzi wake walivyomfanyia miaka yote. Akainuka, akajitanda vizuri, akaenda mpaka mlangoni, akashika komeo. Alingoja kuitwa. Nyuma yake alisikia ukurasa ukigeuzwa. Akasimama pale mpaka aibu ikamtosha, kisha akarudi mwenyewe, akaketi.

Karatasi ilisema kuwa wakazi wa Mitendeni wanathibitisha tena kimo cha maji kama kilivyopimwa awali. Akatia sahihi. Alimkuta Hadia kwenye benchi la hospitali, mkono umefungwa pamba, akamwambia ngazi inakuja.

Ilikuja Jumamosi ya wiki ya pili, baada ya safari ya nne. Serikali safari hii ilitimiza neno lake kwa siku yake. Mafundi wawili waliishusha kwenye boti, wakatoboa zege, wakakaza bolti, wakaondoka kabla ya adhuhuri. Ilikuwa ngazi ya vyuma vya mviringo, imesimama wima ukutani mwa gati kama ile ya meli. Mukhtar aliikwea, akashuka, akapangusa mikono.

"Ni imara," alisema. Hakuongeza kitu, na kwa Mukhtar huko kulikuwa ni kusema mengi.

Hadia aliletwa juu ya punda kuja kuiona. Alisogea ukingoni, amemshika mdogo wake bega, akatazama chini. Aliitazama muda mrefu, kama anayehesabu vyuma. Ngazi ile ilitaka mikono miwili. Ilitaka pia wanaume wa mashuani wote wageuze nyuso kila mara, mwaka baada ya mwaka, hata asiyependa kugeuza.

"Umewapa nini wakakupa hii?"

"Nimewapa ule mstari."

"Mara ya pili."

"Mara ya pili, Dada."

Hadia alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu aliyesikia bei ya samaki imepanda tena. "Nifungie sanduku. Mwambie Swafwan anifagilie chumba."

"Ngoja. Nitarudi ofisini. Yuko mkubwa wake Asmaa, na mkubwa wake ana—"

"Shifaa. Safari zangu nne zimekwisha. Tuliafikiana."

Na katika maisha ya Bi Shifaa lilikuwepo jambo moja asilolifanya, hata kwa adui: kuvunja bei iliyokwisha kupatana.

Kesho yake, Jumapili, lilikuwa bamvua. Saa kumi alasiri bahari ilikuwa imejaa mpaka juu, tulivu, ukingo wa mashua ya Mukhtar umelingana na gati kama kizingiti na chumba. Sanduku lilitangulia, na mkeka uliokunjwa. Mahamali walisimama mbali, mikono nyuma. Kiti cha plastiki kilikuwa kando, na kamba zake.

Hadia hakuhitaji kushikwa. Aliinua mguu mmoja, buibui imemkaa mwilini, akavuka bila kukunja goti, kama mgeni rasmi. Mukhtar hakuhitaji kugeuza uso. Hadia aliketi upande wa tezi, nyuma ya mashua, akajipangia nguo magotini, akamtazama mdogo wake aliyebaki juu.

"Gati zuri," alisema.

Bi Shifaa alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri. Yalimpotea, likabaki moja.

"Ni mambo ya muda tu, Dada. Bamvua lijalo utarudi."

Hadia akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya upepo, tabasamu lile lile la kuchekecha unga.

"Hiyo, mwanangu, ni bei ya kwanza."

Mukhtar akawasha mashine. Bi Shifaa alifungua mdomo ili ataje ya pili, akatafuta, hakuwa nayo. Mashua ikatoka. Alibaki kusimama mpaka maji yakaanza kupwa na chuma cha juu cha ngazi kikatokeza, kinang'aa, kipya, hakijashikwa na mkono wa mwanamke hata mmoja. Kisha akakifungua kile kiti, akazikunja kamba, kwani kamba ni mali, akaenda ghalani kufunga mlango.